Shajara ya kingatiba ya kichocho mwaloni kwetu Ukerewe

2 Juni. Kabla ya kuanza

Naandika shajara hii kwa ajili ya wagawa dawa wenzangu wa mialo ya Ziwa Victoria, fukwe wanakoshushia samaki. Safari hii tumeambiwa dawa ya kingatiba, inayomezwa bila kusubiri kupimwa ugonjwa, ni ya kijiji kizima, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii dawa ilikuwa ya shuleni. Ukisoma ukaona tulipojikwaa, wewe pita pembeni.

Kichocho cha huku kwetu ni cha tumbo. Mtu anajisaidia ufukweni, mayai yanaingia majini, yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono wadogo walioko kwenye nyasi za ukingoni. Humo vinazaliana, kisha mabuu yanatoka kwa maelfu na kuogelea yakitafuta ngozi ya mtu. Dakika chache za kusimama majini zinatosha. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, inataga kila siku, na mayai yasiyotoka yanakwama kwenye ini. Baba yangu mdogo alikaa miaka na tumbo lililojaa maji, na mwisho alitapika damu usiku mmoja akafa kabla ya kuvushwa kwenda hospitali. Nyumbani tulisema amelogwa. Nilijua ukweli miaka tisa baadaye, kwenye mafunzo ya siku mbili, na nililia palepale darasani.

Kwa nini watu wazima? Kwa sababu mvuvi anasukuma mtumbwi maji yakiwa kifuani kila siku, na mama anafua akiwa amezama hadi magotini. Ukimtibu mwanafunzi peke yake, baba yake anarudisha mayai ziwani jioni ileile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema hivyo hivyo: pale ambapo maambukizi yanafika asilimia 10 au zaidi, wameze wote kuanzia miaka miwili kila mwaka, na walengwa wafikiwe asilimia 75 au zaidi. Mwenyekiti wa kijiji alipouliza kama kuna mahali jambo hili limeonekana, nilimweleza habari ya Kwale, pwani ya Kenya. Huko kati ya 2015 na 2017 walilinganisha njia mbalimbali za kutibu minyoo ya safura. Waliotibu watoto wa shule tu, maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Waliotibu kila nyumba mara mbili kwa mwaka walishuka kutoka 20.6 hadi 6.2. Safura inatoka udongoni na kichocho kinatoka majini, lakini wanaoachwa nje ni walewale, watu wazima. Mwenyekiti alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tuandike watu."

14 Juni. Daftari

Tuko sita. Tumezunguka nyumba 187, tumeandika watu 1,104. Walio chini ya miaka miwili ni 71, kwa hiyo wa kumeza ni 1,033. Vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, vimefika zahanati, pamoja na albendazole ya minyoo ya tumbo, ambayo ni kidonge kimoja cha miligramu 400 na haina taabu.

Prazikwanteli ndiyo yenye kazi. Kipimo chake ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kwa kuwa hatubebi mizani tunatumia ufito wa urefu, wenye alama za idadi ya vidonge. Mwenye sentimita 110 hadi 124 anapata kidonge kimoja na nusu, 150 hadi 159 vitatu, 160 hadi 177 vinne, 178 na kuendelea vitano. Kidonge ni kikubwa, kichungu, kina harufu. Ukikiacha mdomoni kikayeyuka, mtu atakitema.

25 Juni. Siku ya kwanza, mwaloni

Tumeanza saa mbili asubuhi chini ya mwembe ulio karibu na chanja za dagaa. Wamemeza 196.

Jioni nilihesabu vidonge. Vimetoka 641, yaani zaidi ya vitatu kwa kila mtu, na karibu nusu ya watu wa leo walikuwa watoto. Tuliambiwa tukadirie vidonge viwili na nusu kwa mtoto na vitatu kwa mtu mzima, kwa hiyo hesabu ilinikaa vibaya. Tukarudi ofisi ya kijiji, kwenye sakafu ya saruji, tukampima mwenzetu ambaye mwaloni ufito ulimpa vinne. Hapa ukampa vitatu. Tukampima mwingine, ikawa hivyo hivyo.

Kosa lilikuwa mchanga. Ufito ulikuwa unazama vidole vinne kila ulipochomekwa, alama zote zinashuka, na mtu anaonekana mrefu kuliko alivyo. Nilikwenda zahanati usiku ule ule kumweleza mganga mfawidhi. Alinituliza kwamba dawa hii imeshatolewa hadi miligramu 60 kwa kilo bila kuleta madhara makubwa, na hakuna aliyevuka hapo, ila waliozidishiwa huenda wakasikia kizunguzungu na kichefuchefu zaidi. Sikulala vizuri.

Marekebisho: ubao mmoja, upana wa kutosha ufito na miguu miwili, umewekwa sawa chini kabla ya kupima mtu wa kwanza. Fundi seremala alituuzia kwa shilingi 6,000. Kama mwaloni kwenu ni mchanga, anzeni na ubao.

26 Juni. Tumesimama

Saa nne asubuhi mama mmoja anayeanika dagaa alimeza vinne. Saa tano alianguka kando ya chanja, mikono bado imejaa magamba. Alikuwa na fahamu, anatoka jasho, anashika tumbo na kusema dunia inazunguka. Tulimlaza kivulini, tukampelekea uji wenye sukari. Wakati uji unapoa, habari ilishafika kitongoji cha pili kwamba amekufa. Akina mama walikuja kuwavuta watoto wao kwenye mstari. Kijana mmoja alipiga teke ndoo yetu ya maji.

Tulifunga meza. Nilikumbuka yaliyotokea Morogoro mwaka 2008, wazazi walipovamia shule baada ya watoto kumeza dawa hii hii na uvumi wa vifo kuenea. Sikutaka kubishana na mtu yeyote siku ile. Nilikaa na yule mama hadi saa kumi alipoamka, akaomba maji, akatembea mwenyewe hadi kwake watu wakimwangalia.

Nikamuuliza alikula nini asubuhi. Hakula kitu. Alikuwa anaanika tangu saa kumi na moja alfajiri. Na sisi hatukumuuliza. Kwenye mafunzo tulisikia "wale kwanza", tukaandika, tukaona ni jambo la mtu binafsi nyumbani kwake. Mwaloni nyumbani kwa mtu hakuna asubuhi, moto unawashwa saa sita.

Dawa hii ikiingia tumbo tupu inasumbua zaidi, na kwa mwenye minyoo mingi tumbo linakata kwa sababu minyoo inakufa kwa pamoja. Mara nyingi hupita ndani ya siku moja. Hayo ndiyo tuliyotakiwa kuyasema kabla, kwa sauti, na tuliyasema baada.

27 na 28 Juni. Sahani kwanza

Kikao cha dharura na mwenyekiti, mtendaji na matajiri watatu wa mitumbwi. Tumekubaliana hakuna kidonge bila chakula tumboni, na chakula kitapikwa palepale. Yule mama aliyeanguka nilimwomba aje aseme neno. Alikataa. "Dada, mimi nimepona, lakini msinifanye tangazo." Hilo ni haki yake. Jioni alituma mtoto na sufuria lake kubwa la lita arobaini.

Tumepika uji wa mahindi na viazi vitamu. Mtu anakula, anasubiri kidogo, anapimwa kwenye ubao, anameza mbele yetu, anakaa kivulini nusu saa. Foleni imekuwa ndefu, lakini siku mbili zimepita bila mtu kuanguka. Wawili wametapika, waliotapika muda huo huo tumewaandika upande wao ili mganga aamue.

Mwenyekiti na mkewe walimeza wa kwanza. Hilo lilisaidia kwa wale waliosema ni dawa ya kufunga uzazi. Kwa mzee mmoja halikusaidia kitu. Alinijibu, "Binti, wiki iliyopita nimekwenda zahanati na homa, nikaambiwa dawa hakuna, nenda kanunue. Leo mnanifuata na dawa ya bure ambayo sijaiomba. Nielewe vipi?" Nilimwambia, "Shikamoo mzee, swali lako ni la kweli na mimi sina jibu la homa." Nikamwandika: amekataa, sababu, dawa za homa hazipo. Sababu hiyo nimeipeleka wilayani kama alivyoisema.

1 Julai. Hesabu ya awamu ya kwanza, na uongo ulio ndani yake

Daftari lilionyesha wamemeza 605. Halafu nikaenda kuazima kamba kwa tajiri mmoja, nikaona kopo la siagi juu ya nyavu, ndani vidonge vyetu. Siku ya pili matajiri watano walituomba tuwape dawa wapelekee vijana wao waliokuwa wamelala. Tuliwapa, tukaandika watu 20 kuwa wamemeza. Nimewatafuta mmoja mmoja: waliomeza kweli ni watatu. Nimefuta 17. Wamebaki 588.

Kufuta kuliniuma, maana asilimia yetu ilikuwa ndogo tayari. Lakini daftari lenye watu hewa linamdanganya mtu wa wilaya, naye anamdanganya wa mkoa, na mwaka kesho vidonge vinapangwa kwa hesabu ya uongo. Sheria yetu tangu leo: hakuna kidonge kinachoondoka mezani mkononi mwa mtu. Kinaondoka tumboni.

588 kati ya 1,033 ni asilimia 57. Nilipotenganisha kwa jinsia na umri, watoto wako vizuri, kina mama wanaridhisha, wanaume wa miaka 18 hadi 40 ndio hawapo. Wavuvi. Wanaosimama majini kuliko wote.

3 Julai. Nahodha ananifundisha

Nilimuuliza nahodha mmoja mtu mzima kwa nini vijana hawakuja. Akanyanyua kidole juu.

"Mmekuja giza."

Nimezaliwa kisiwani humu na sikulifikiria. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa: dagaa wanaifuata taa, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, mitumbwi inavutwa juu, vijana wanashona nyavu, wanalala usiku kama watu wengine, wanakula mchana. Sisi tulianza tarehe 25 Juni, giza totoro, siku ambazo kijana anarudi alfajiri amelowa, anashusha dagaa, anaanguka usingizini hadi saa tisa, anakula, anarudi ziwani. Ratiba ilitoka juu ikiwa na tarehe zake, nasi tukaifuata.

Kosa la pili alilonionyesha lilikuwa kwenye daftari lenyewe. Tuliandika kwa nyumba. Kijana wa kambi hana nyumba hapa: katoka Mara, Geita, Ukara, analala kambini miezi mitatu, anahama na samaki. Kwetu hakuwepo hata kwenye orodha ya waliokosa.

4 hadi 8 Julai. Daftari la mitumbwi

Tumeanza upya kwa mitumbwi. Kila mtumbwi ukurasa mmoja, namba juu, jina la nahodha, kisha vijana wake. Mitumbwi ya dagaa ni 31, watu wanne kila mmoja, 124. Kati yao 29 tulikuwa nao tayari kwenye nyumba zao. Wapya 95. Walengwa wetu sasa ni 1,128, na zile 588 zimeshuka kuwa asilimia 52. Mratibu wa zoezi hili aliuliza kwenye simu kwa nini nashusha asilimia yangu mwenyewe. Nilimsomea kurasa tatu za mitumbwi. Akasema, "Endelea."

Kijana akihama mtumbwi, manahodha wanajua kahamia wapi. Hakuna mtu kijijini anayejua watu wake kama nahodha.

9 hadi 12 Julai. Mbalamwezi

Mwezi umejaa tarehe 10. Mwalo umetulia, nyavu zimetandazwa kama mashuka, redio zinasikika kila kibanda. Tulipika viazi madebe na kuwafuata mtumbwi kwa mtumbwi, pale pale wanaposhonea nyavu. Nahodha anakula na kumeza kwanza, vijana wanafuata. Mchana mmoja mitumbwi tisa. Kijana mmoja mrefu, vidonge vitano kiganjani, aliviangalia muda mrefu kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anaona damu chooni tangu mwaka juzi na hajamwambia mtu. Akavimeza kimoja kimoja, macho yamefumba. Nilimwandikia barua ya kwenda zahanati apimwe, maana dawa yetu inaua minyoo lakini ini likishaumia linahitaji daktari.

Jambo la kina mama nalo tulilirekebisha hapa. Awamu ya kwanza tuliwauliza ujauzito mezani, mbele ya foleni. Msichana wa miaka 16 anajibu nini mbele ya shangazi zake? Walijibu hapana au waliondoka. Sasa mgawa dawa wa kike anakaa kando, nyuma ya kanga iliyotundikwa, anauliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Walio miezi mitatu ya mwanzo tunawaahirisha, waliozidi hapo na wanaonyonyesha wanameza. Ndani ya siku mbili tumegundua wanne waliokuwa wamesema hapana. Wenye kifafa tumewapeleka kwa mganga mfawidhi kabla ya kitu chochote.

Watoto wadogo: kidonge kinasagwa, kinachanganywa na uji mtamu, mtoto amekaa wima kwenye paja la mama. Mtoto anayelia hatumlazimishi, tunamwacha arudi kesho. Dada mmoja kwenye timu alimbana pua mtoto, nikamzuia kwa ukali kuliko nilivyotaka. Mtoto aliyebanwa anaweza kupaliwa akafa mikononi mwako. Nilimwomba radhi dada yule kwa ajili ya ukali wangu, lakini sikuliondoa neno.

Wamemeza 291. Jumla 879, asilimia 78.

13 Julai. Gharama

Dawa ni za msaada, hazina bei kwetu. Mengine tulilipa. Unga kilo 25, shilingi 40,000. Sukari kilo 8, 25,600. Viazi vitamu madebe sita, 48,000. Kuni 15,000. Ubao 6,000. Petroli ya boti kwenda kambi ya ng'ambo lita 10, 32,000. Madaftari na kalamu 7,500. Dawa ya kutibu maji ya kumezea 4,000, kwa sababu siku ya kwanza tuliteka ziwani moja kwa moja na hilo pia lilikuwa kosa. Jumla 178,100.

Matajiri watatu walichanga 90,000, ofisi ya kijiji 40,000. Zilizobaki 48,100 tulikatana kwenye posho, kama elfu nane kila mtu. Mgawa dawa asilipie uji wa kijiji mfukoni mwake. Ukipanga bajeti, weka chakula mstari wa kwanza, kwa maana bila hiyo 178,100 vidonge vingerudi wilayani.

24 Julai. Giza tena

Hatujagawa. Nimetumia siku hizi kutembea ufukweni na mtendaji kuangalia vyoo. Upande wa mashariki ni jiwe tupu: unachimba futi mbili, sururu inalia. Nyumba 23 hazina choo, na watu wanakwenda kwenye majabali yanayotazama maji. Mvua ikinyesha kila kitu kinashuka. Dawa hii haiui minyoo michanga iliyoingia karibuni, wala haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho. Utafiti wa SCORE, uliofuatilia vijiji vya Mwanza na vya magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2010, ulikuta vijiji ambavyo maambukizi yaligoma kushuka ingawa dawa zilitolewa mwaka hadi mwaka. Nikiangalia majabali haya naelewa namna kijiji kinavyoweza kuwa hivyo. Mafundi wawili wamesema choo cha kuinuliwa juu ya jiwe, chenye ngazi na shimo la kujengwa, kinawezekana. Tumeomba makadirio.

11 Agosti. Baada ya mbalamwezi ya pili

Tumerudi mwaloni tarehe 8 hadi 10, na daftari la waliobaki tu. Wamemeza 34. Jumla 913 kati ya 1,128, asilimia 81.

Waliobaki 215: wako safarini 88, wamehama kabisa 42, ujauzito mchanga au wagonjwa 24, wamekataa 61. Wale 61 nimewaandika na sababu zao kwa maneno yao, bila kuweka neno "wabishi" popote. Ishirini na mmoja wanataja yule mama aliyeanguka. Hao tuliwapoteza sisi, tarehe 26 Juni, kwa uji ambao hatukuupika.

Mzee wa homa bado hajameza. Jana nilimpelekea habari kwamba dawa za malaria zimefika zahanati. Alinishukuru, akasema atafikiria.

Kalenda ya ofisi ya kijiji nimeizungushia mbalamwezi zote hadi Juni ijayo, na nakala nimemtumia mratibu kabla ratiba ya mwaka kesho haijapangwa.

12 Agosti

Saa tatu asubuhi mtumbwi namba 17 umerudi kutoka Ukara na vijana wanne waliokuwa kwenye orodha ya safarini. Viazi vilikuwa vimebaki. Wamekula, wamesimama kwenye ubao, wamemeza: vinne, vinne, vitatu, vitano. Wamebaki 211.